Sukari ya Bibi Yageuka Makaa

Sisi tuliokulia mtaa wa Kuze enzi zile hatukuwa watu wa kuamini ovyo. Maziwa yalionjwa kabla ya kupokewa, samaki alifunuliwa mashavu akanuswa, na mchele ulipepetwa hata kama muuzaji ni mjomba. Aliyenifunza shaka hiyo ni Bibi, aliyenilea. Saa ya ukutani yenyewe hakuiamini. Kila ikigonga alichungulia dirishani kutazama kivuli kimefika wapi kwenye ukuta wa jirani.

Basi Alhamisi moja alasiri nimerudi skuli, vidole vina vumbi la kokoto za mchezo wa mdako, Bibi amekaa barazani anapepea makaa ya chetezo kwa kipepeo, afukize udi nyumba nzima kama ilivyokuwa ada yetu kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Na mimi na mdomo wangu, nikamwambia tuliyosomeshwa: vitu vyote vimeundwa kwa chembe ndogo zisizoonekana, zaitwa atomu, nazo hushikana. Moja yake ni kaboni, na imo kwenye makaa, kwenye sukari, na mwilini mwetu.

"Mimi nina makaa mwilini?" Bibi akaweka chini kipepeo. "Nani kasema?"

"Mwalimu wa sayansi."

"Mwalimu huyo ana lake jambo. Kesho huendi skuli. Utakaa hapa ujifunze kushona."

Moyo ulinipasuka. Nililipenda somo lile kuliko Idi. Nikalia, nikamsihi angalau ajaribu: atie sukari kijikoni aiweke juu ya makaa. Akanitazama kwa jicho la pembeni, akatia. Sukari ikayeyuka, ikawa ya manjano, ikatoa harufu tamu ya kashata, kisha ikatoka povu na kuwa nyeusi tii.

Nilidhani nimeshinda. Loo! Bibi alivaa buibui, akashika kijiko kile, mbio hadi kwa Mzee Hasanali mwenye duka la pembeni.

"Hasanali! Siku zote nilikushuku! Watutilia makaa kwenye sukari!"

Mzee wa watu aliapa kwa kila kiapo, wateja wakacheka hadi wakashika mbavu. Mwishowe alifungua gunia jipya, akachoma sukari kwa jiko lake la chai mbele ya macho yetu. Nyeusi. Bibi hakuomba radhi. Alirudi nyumbani akaanza kuchoma kila kilichomo jikoni: mkate, tende, wali uliolala, unyoya wa kuku, hata ukucha wake aliokata palepale. Badala ya udi, nyumba ilinuka kama duka la kinyozi lililoshika moto. Vyote vikawa vyeusi. Chumvi pekee ilipasuka-pasuka ikabaki nyeupe, na Bibi akaionja kuhakikisha kuwa ni chumvi.

Asubuhi alinishika mkono akanipeleka skuli mwenyewe. Sikujua kama naenda kusoma au kutolewa. Akamkabili mwalimu mlangoni mwa darasa.

"Haya, hiyo kaboni yako yashikaje?"

"Ina mikono minne, Bibi. Hushika wenziwe wanne kwa mara moja, ndiyo maana viumbe hai wote wamejengwa kwayo."

"Wanne! Na wote huwashika sawasawa?"

"Mara nyingine sawasawa kabisa."

"Hapo ndipo ninapokushuku," akasema Bibi, na walimu wa kike waliokuwa karibu wakageuza nyuso wacheke. "Na kitu kikiungua, hiyo kaboni huenda wapi?"

"Atomu zake huachana, zikashikana na nyingine hewani. Hakuna atomu inayopotea. Hata pumzi unayoitoa sasa ina kaboni."

Bibi akajifunika mdomo kwa mtandio, kama aliyeibiwa. Kisha akanisukuma ndani taratibu. "Ingia ukasome. Lakini usimwamini mpaka umeona kwa macho yako."

Nikaingia, na sijatoka hadi leo, maana nami nasomesha somo hilohilo. Wanafunzi wangu wa sasa, Mungu awahifadhi, wana dunia nzima kwenye simu. Wakiambiwa maji fulani yatibu kila ugonjwa, wameshawatumia jamaa wote ujumbe huo kabla hawajamaliza kusoma. Hakuna hata mmoja anayeunguza kijiko cha mama yake ahakikishe. Nawaonea huruma, na kidogo nawaonea hasira.

Bibi alifariki, nikarithi chetezo. Kila Alhamisi alasiri nafukiza udi barazani pale pale, nikiutazama moshi. Naijua hesabu yote ya kuachana na kushikana, naifundisha bila kufungua kitabu. Lakini nikimaliza huingia chumbani kwake, nikanusa kanga zake, na harufu yake kila mwaka yapungua. Mwalimu alisema hakuna kinachopotea. Hapo, Bibi yangu, na mimi ninamshuku mwalimu huyo.