Feni Iliyohema Chumbani kwa Mzee

Mjukuu wangu wa kike ana digrii ya kompyuta. Naanza na hilo ili lijulikane. Mimi niliishia darasa la nne kwetu Kisarawe, lakini nyumba yangu hapa Sofu ina mashine ambayo majirani hawana: boksi jeusi linalotunza picha na sauti zetu zote. Yeye huliita seva. Aliliweka chumbani kwa marehemu mume wangu, juu ya meza aliyokuwa akiwekea dawa zake.

Ndani ya boksi lile mna sauti ya mzee. Kabla hajafa alizunguka na mjukuu makaburini kwetu Kisarawe, yeye akionyesha, mjukuu akirekodi kwa simu. Makaburi yetu hayana maandishi. Ni vituta chini ya mikorosho, na aliyejua nani kalala wapi alikuwa yeye peke yake. Simu ile iliibiwa baadaye. Ikabaki seva tu.

Basi mchana mmoja, jua la kupasua utosi, naanika muhogo uani, nikasikia mtu anahema ndani. Hee, hee, heeeee. Mbili fupi, moja ndefu, halafu kimya. Mwili ukanisisimka. Mume wangu alikufa kwa kifua, na hivyo ndivyo alivyokuwa akivuta hewa. Nikaenda hadi mlangoni. Kitanda kitupu. Sauti inatoka kwenye boksi.

"Hodi, mzee," nikasema.

Hee, hee, heeeee.

Sikukimbia. Nimelala naye miaka yote ile, nimkimbie leo? Mzee akihema hivyo nilikuwa namfunika. Nikatoa msuli wake sandukuni, nikalizungushia boksi vizuri, kama mgonjwa. Likahema zaidi. Nikaongeza blanketi, nikafukiza ubani.

Mjukuu aliporudi kutoka kazini Dar, alikuta boksi linalia pii, pii.

"Bibi! Umelivalisha nini?"

"Msuli wa babu yako."

"Seva inataka hewa!"

"Na yeye alitaka hewa."

Akavua yale manguo, akaligusa boksi, akaurudisha mkono haraka. Akalizima. "Feni yake imechoka, bibi, ndiyo iliyokuwa inakoroma. Na sasa limechemka. Kama diski zimekufa, sauti ya babu ndiyo basi."

Sisi tuna utani wa bibi na mjukuu: mume wangu ni mume wake, tu wake wenza, na siku zote hunitambia kwamba yeye ndiye kipenzi. Nikamwambia, "Mke mwenza, ukinizikia mume mara ya pili, utanitambua." Hakucheka.

Kesho yake alikuja na feni mpya kutoka Kariakoo, ya mraba, inaenea kiganjani. Akafungua skrubu. Ndani vumbi limejaa kama pamba ya mto, linanuka ubani wangu. Akaitoa feni ya zamani, akaizungusha kwa kidole. Hee, hee, heeeee. Tukatazamana. Akaiweka dirishani upesi, kama imemuunguza.

"Hii mpya ina mshale," akasema, bila kuniangalia. "Unaonyesha upepo unakoelekea. Ukiigeuza, joto linabaki ndani." Akaikaza, akachomeka waya wake, akawasha.

Kimya.

"Limekufa," nikasema.

"Feni nzima haipigi kelele, bibi."

"Kimya hiki nakijua. Kilinikuta nimekaa kwenye kitanda hicho hicho."

Akabonyeza kompyuta yake. Tukangoja. Mara mzee huyo, yuko nasi chumbani:

"Hapa mama yangu. Hapa shangazi. Hapa penye kisiki, nilazeni mimi." Ndipo tulipomlaza. Halafu akahema: hee, hee, heeeee. "Na hapa kulia kwangu msimpe mtu. Ni pa mke wangu."

"Mke yupi?" mjukuu akauliza, huku machozi yanamtoka.

"Mimi, kunguni wewe! Wewe katafute wako!"

Tukacheka hadi tukashikana. Tungali tunacheka, nyuma yetu ikasikika: hee, hee.

Feni ya zamani dirishani, waya wake unaning'inia hewani, inazunguka. Pazia lililokuwa kando yake limetulia tuli.

"Upepo," akasema mjukuu.

"Ehe, upepo," nikasema.

Hakuna aliyethubutu kuitupa. Niliiviringisha kwenye msuli, nikairudisha sandukuni. Jumamosi tukaenda Kisarawe, sauti ya mzee ikituongoza kutoka mkorosho hadi mkorosho. Kulia kwa kaburi lake nikapalilia kwa mkono wangu mwenyewe, nikachomeka kijiti kila pembe, nikapima jua na kivuli cha pale. Pananitosha.

Siku hizi mwenye digrii yake, kabla hajaingia chumba kile kupangusa vumbi, hugonga mlango ulio wazi.

"Hodi, mume wetu."

Halafu anasubiri.