Ruhusa ya Kukaa

Makumbi ya nazi yaliyooza kwenye tope la bahari yana harufu ambayo sabuni haiitoi. Msimu mzima wa kuyafukua, nyumba yetu ya Mbegani ilinuka hivyo: mkeka, kanga, hata chai. Serikali ilikuwa bado ya Waingereza, nami nilikuwa msichana mdogo wa kuteka maji. Mama aliyafukia makumbi ufukweni na kuyaacha kwa miezi mpaka yalainike, kisha akayafukua maji yakikupwa, akayaponda kwa rungu huku amechuchumaa, akaosha nyuzi na kuzisokota kamba. Baba kazi yake ilikuwa kuzipeleka mjini Bagamoyo, na huko alisifiwa kwa kamba zake. Zake! Mpaka leo neno hilo linanikera.

Mwaka huo magoti ya mama yalivimba, na mkono haukuinuka bila yeye kung'ata pindo la kanga. Alfajiri hakuweza kusimama. Alikuwa amefunga kipande cha kamba yake mwenyewe kwenye nguzo ya jikoni, akikishika na kujivuta mpaka asimame, kisha anakificha nyuma ya mtungi kabla baba hajaamka. Mimi nilikatazwa kusema. Sababu niliijua: jirani yetu Bi Tatu, nyonga zilipomshinda, alirudishwa kwa kaka zake huko Mkange, na watoto wakabaki kwa baba yao. Mama alikuwa na mtoto mmoja tu, mimi.

Kilichomshinda kukificha ni sala. Kazini akishachuchumaa alivumilia papo hapo mpaka amalize, lakini sala inataka mtu ainuke na kushuka, rakaa baada ya rakaa. Basi akawa anasali chumbani, mlango umeegeshwa, ameketi juu ya kibao cha kukunia nazi, akiinamisha kichwa tu pale pa kusujudu. Dini inamruhusu mgonjwa, na yeye alilijua hilo. Adhuhuri moja shangazi, dada yake baba, alisukuma mlango bila hodi.

"Wifi, tangu lini unasali umekaa?"

Mama alimaliza sala yake kwanza, akatoa salamu kulia na kushoto. "Mgongo tu, wifi yangu. Ndio ulionikamata leo."

"Haya. Pole."

Pole hiyo ilifika kwa baba kabla ya alasiri. Baba hakufoka. Alimwita mama uani, akasema taratibu, "Mama Mwajuma, kama magoti ya kusali huna, ya kwendea makumbi unayatoa wapi? Ukiumwa sema, nikupeleke kwenu ukapumzike." Ilikuwa sauti ya huruma kabisa, na ndiyo maana siwezi kuisamehe.

"Siumwi, Baba Mwajuma."

Alasiri ile alitandika mkeka pale pale uani, akasali kwa kusimama, kurukuu na kusujudu, shangazi akimtazama tangu mwanzo hadi mwisho. Jasho lilimdondoka mkekani. Tangu siku hiyo alisali hivyo hivyo mbele yao, na makumbi yote akayafukua. Hakurudishwa kwao. Alibaki na mimi, na baba akaendelea kujisifu kuwa ana mke mzima. Siku nilipoolewa, mke huyo mzima alinisindikiza kwa kutambaa, akaishia kizingitini.

Sasa mimi ni bibi, na magoti ya mama nimeyarithi. Msikitini kwetu, upande wa wanawake, kuna safu ya viti vya plastiki kwa ajili ya watu kama mimi. Binti mmoja hunipa shikamoo, akanisogezea changu karibu na ukuta, wala hakuna anayeniuliza kitu. Nyumbani wanangu wamenikataza hata kufagia. Wenzangu hupenda kusema kwamba zamani watu walioneana huruma kuliko sasa, nami huinamia tasbihi yangu nisije nikawajibu vibaya. Ruhusa ya kukaa haikuja na viti hivi. Mungu alikwishampa mama yangu, juu ya kile kibao cha kukunia nazi. Waliomnyima ni watu wa nyumbani mwake.