Nilimfanya Binti Yangu Wakili Kabla Hajamaliza Sekondari

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana nikishaanza kujitetea huwa simalizi. Jina langu msilitafute. Kama mnaishi Berea na mmewahi kusukwa nywele pale mjini na mama wa Kikongo asiyenyamaza, huenda mnanijua tayari, lakini nawaomba mjifanye hamnijui.

Binti yangu nitamwita Aline. Si jina lake. La kwake nimeshalitumia vya kutosha.

Mwaka jana Aline alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, ule ambao huku Johannesburg wanauita matriki. Shule yao ilikuwa na mpango na chuo kikuu kimoja: wanafunzi wanaofanya vizuri wanaruhusiwa kusoma somo la mwaka wa kwanza wa chuo siku za Jumamosi, wakiwa bado wanafunzi wa shule. Ukifaulu, chuo kinakuwekea krediti ya somo hilo. Siku ukiingia chuoni, hulirudii tena, limekwisha. Aline alichagua utangulizi wa sheria, akafaulu vizuri sana.

Alinieleza yote haya jikoni, nikisonga ugali. Alinieleza taratibu kwamba ni somo moja tu, kwamba krediti ile haina kazi yoyote mpaka afaulu matriki na apate nafasi, na kwamba shahada anayoitaka, ya sheria pamoja na biashara, inadai alama nzuri za hesabu. Hesabu ndiyo iliyokuwa ikimtesa. Haya yote alisema. Mimi niliposikia chuo kikuu, sheria na kufaulu, masikio yangu yalijifunga hapo hapo.

Kesho yake nikaenda saluni. Mtu anayesukwa hana pa kukimbilia, kichwa chake nimekishika mimi. Mteja wa asubuhi nilimwambia binti yangu ameanza chuo kikuu. Wa mchana nikamwambia anasomea uwakili. Yule wa jioni alitoka pale akijua kwamba mtoto wangu ni wakili kamili. Mpaka leo sijui nilivukia wapi kutoka kuanza hadi kumaliza, ila nakumbuka nywele zilimpendeza.

Sisi wakili tunamwita avoka. Na kwetu mama haitwi kwa jina lake, anaitwa kwa mtoto wake. Nilikuwa Mama Aline tangu nimzae, na jina lilinitosha. Wiki ile nikawa Mama Avoka. Sikujipachika mwenyewe. Nililipendekeza tu.

Utamu wa jina lile, jamani! Kanisa letu linasali ghorofani, kwenye jengo la zamani la ofisi mjini, na miaka yote nilikuwa nakaa benchi la nyuma pamoja na watoto wanaolia. Ghafla nikasogezwa mbele, pembeni ya Mama Mchungaji, feni ikinipuliza mimi na yeye. Muuza nyanya akaanza kunichagulia zile ngumu. Wanaume walionipita siku zote ngazini bila salamu wakawa wananibebea mifuko.

Nikampelekea fundi mmoja wa mtaa wa Bertrams kitambaa cheusi, amshonee Aline joho lenye kola nyeupe kama yale ya kwenye runinga. Aline alilitazama likiwa kwenye hanga, akaniuliza nani amefariki.

Kisha wateja wakaanza kuja. Si wangu, wake. Huyu, askari wa jiji wamemchukulia bidhaa zake barabarani. Yule anataka kujua kama anaweza kumwacha mume bila kumwacha friji. Mrundi mmoja anayelinda duka la simu alikuja kuuliza kama kuota unashtakiwa ni dalili ya kesi. Wote walikaa kwenye kitanda cha mtoto, juu ya vitabu vyake, maana ukiacha jiko, nyumba yetu ni chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia.

Aline alikuwa akiwaambia kila mmoja kwamba yeye si wakili. Wao walimwona mnyenyekevu, na mimi nikawaambia ndivyo nilivyomlea.

Jioni moja akaniomba. Aliniomba vizuri tu, bila hasira, kwamba niwaambie watu ukweli, mitihani inakaribia. Nikamwahidi. Kesho yake nikawaambia watu waje jioni, kwa sababu mchana avoka yuko shule.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe.

Jengo letu lina paa ambapo akina mama wote tunaanika nguo. Siku moja mwezi wa kumi na moja msimamizi wa jengo, mzee mmoja Mzulu anayetembea na funguo nyingi kiunoni, akatia kufuli mlango wa kupanda juu. Alikuwa na sababu zake, kwamba watoto wanachezea ukingoni. Lakini Mama Mchungaji naye anakaa jengo hilo, na shuka zake zilifungiwa juu. Akanigeukia mbele ya akina mama wote akasema, "Mama Avoka, sisi tuna mtu wetu. Tunaogopa nini?"

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Ilikuwa Ijumaa. Aline alikuwa ameshafanya karatasi ya kwanza ya hesabu, na ya pili ilikuwa Jumatatu. Siku hizo mbili katikati alikuwa amezihesabia tangu mwanzo wa muhula, maana karatasi ya pili ndiyo ya pembe na duara, na ndiyo aliyokuwa akiiogopa. Nilijua. Nikatazama uso wa Mama Mchungaji, nikaliona benchi la mbele, nikasema, "Kesho asubuhi avoka atakuwepo."

Jumamosi nikamvalisha joho. Alikuwa na kaptura na kandambili chini yake, na jua la Novemba linachoma. Alishuka nami ngazi. Akina mama wakatupokea kwa vigelegele. Tukamsubiri msimamizi asubuhi nzima, kwa sababu msimamizi hakujua kwamba ana kesi. Aline alitoa karatasi ya maswali kwenye mfuko wa joho, akajaribu kusoma amesimama. Mama Mchungaji akamnyang'anya kwa upole, akamwambia wakili hasomi mbele ya watu, watadhani hajui.

Msimamizi alipofika mchana, nikaanza kusema mimi. Nilisema sana. Nilisema haki, nilisema katiba, nilisema mtoto wangu anavijua vifungu vyote. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipita, akaenda kusimama mbele ya Aline.

"Una miaka mingapi, mtoto wangu?"

"Kumi na saba, baba."

"Unaandika matriki?"

"Ndiyo. Hesabu, Jumatatu."

Mzee akageuka akatutazama sote, mmoja mmoja. Nilimsubiri apige kelele ili nami nipige. Hakupiga. Alisema tu, "Eish, mama," kama mtu aliyeona ajali. Akachomoa ufunguo kwenye lile fungu lake, akauweka mkononi mwangu. "Chukua. Anikeni nguo zenu. Huyu aende kusoma."

Basi mtu mwenye akili angeona aibu na kumpeleka mtoto nyumbani. Sisi tukapiga vigelegele! Tukasema avoka ameshinda. Tukasema mmeona, hakufungua hata mdomo, msimamizi ametetemeka. Joho lenyewe limetosha. Mama Mchungaji akapika, kila ghorofa ikaleta sahani, na Aline akawekwa katikati mpaka giza likaingia.

Jumapili ikawa ni shukrani. Mchungaji akamwita mbele, tukanyoosha mikono juu yake, tukaombea meza yake ya ujaji. Ibada ya kwetu haina haraka. Baada ya hapo kila mtu alitaka picha naye.

Tuliporudi akafungua vitabu, na baada ya muda mfupi akalala kichwa kikiwa juu ya daftari. Mimi nikamfunika blanketi. Nilisimama pale nikimtazama, nikaona fahari. Sikumwamsha. Fahari, ndiyo, siwafichi.

Matokeo yalitoka Januari. Alifaulu masomo yote, Kiingereza alifaulu kama Mwingereza, lakini hesabu ilikuwa chini ya pale chuo kilipotaka. Nafasi yake ikaenda kwa mtoto mwingine. Ile krediti ipo bado, imekaa huko chuoni inamngoja, kama mzigo ulioachwa stoo ya basi na mwenyewe hana tiketi.

Nililia kwa sauti, watu wasikie ninavyoumia. Aline hakulia. Alikaa kitandani kwake, akaniambia nikae.

Mnajua watoto wetu wa huku. Unamsemesha Kiswahili, anakujibu Kiingereza. Aline tangu ana miaka minane hajanijibu Kiswahili. Siku ile alikitumia, polepole, akitafuta kila neno, ili nisije nikasingizia kwamba sikuelewa.

"Mama, ile somo ya sheria, hujaniuliza hata siku moja walitufundisha nini."

Ilikuwa kweli.

"Kitu ya kwanza, siku ya kwanza, walisema mutu hawezi kusema kwa jina ya mwenzake kama mwenzake hakumutuma." Akanitazama. "Mimi sikukutuma, mama."

Nimetukanwa na wateja, nimetukanwa na askari, nimetukanwa na mume kabla hajaondoka. Hakuna kilichoniingia kama maneno yale matulivu.

Habari zikasambaa zenyewe, safari hii bila msaada wangu. Benchi la mbele sikufukuzwa, nilikuta tu limejaa. Nyanya zimerudi kuwa laini. Jina la Mama Avoka bado ninaitwa, lakini sasa linakuja na kicheko nyuma yake, na ninaitika, kwa sababu nililipendekeza mwenyewe. Joho nimelifumua, nimelifanya pazia jipya, zito, lisilopitisha mwanga wala maneno yangu.

Msimamizi huwa tunakutana ngazini. Haniulizi kuhusu paa. Ananiuliza, "Mtoto anasoma?" Namwambia anasoma. Anasema, "Sharp," yaani vizuri, anaendelea na funguo zake. Mtu niliyetaka kumshtaki ndiye mtu mzima pekee siku ile aliyemwona mwanafunzi ndani ya lile joho, na hilo linanichoma kila nikimpisha.

Aline anarudia hesabu mwaka huu. Watu bado wanakuja mara moja moja kugonga na kesi zao. Nawajibu mlangoni kwamba hapa hakuna wakili, kuna mtoto wa shule, na nawafungia.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi mama zangu na dada zangu, hapa Johannesburg na kokote mnakonisoma. Mtoto akikuletea jambo zuri jikoni, sikiliza mpaka mwisho, hasa ile sehemu inayoanza na "lakini". Kisha songa ugali wako. Msiwauze watoto wetu kwa benchi la mbele. Mimi nilimuuza wangu kwa feni.

Wiki iliyopita Aline alirudi kutoka darasani, akasimama mlangoni mwa jikoni akisitasita. Akaniambia kitu kuhusu hesabu yake. Alikisema kwa Kiswahili. Nilikaa nikamsikiliza mpaka akamaliza, nikamuuliza na maswali.

Alichoniambia sikukipeleka saluni. Nimewasuka watu wiki nzima nikiwa nimeuma ulimi, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama ninaumwa jino. Nilitamani angalau kuwaambia nyinyi, maana hamnijui wala simjui yeyote kati yenu.

Lakini hakunituma.