Tulipochagua Programu ya Kuwaandikia Wafugaji

Kabla sijafanyiwa upasuaji wa shingo, kazi yangu ilikuwa kuongea. Duka letu la hapa Eldoret huuza vifaranga wa siku moja na chakula cha kuku, na mimi ndiye niliyewapigia wateja simu. Mtu wa kule Ziwa nilikuwa nikimwambia vifaranga wake wameanguliwa, wa Turbo nikimkumbusha kwamba siku ya chanjo imefika. Wengi sikuwahi kuwaona kwa macho, lakini walinijua kwa sauti. Mama mmoja alikuwa akinipigia hata kama hana haja ya kununua, aulize tu kama huku mjini mvua imenyesha.

Kisha tezi la shingo likavimba, likatolewa. Daktari alikuwa amenionya kwamba sauti huenda ikachelewa kurudi. Iliporudi ilikuwa mkwaruzo tu, kama ya mtu anayenong'ona huku ana mafua. Nyumbani kwetu Kapsoya walizoea upesi. Wateja hawakuweza. Nikipiga simu, nilisikia mtu akisema haloo, haloo, halafu akimwambia aliye karibu naye kwamba mtandao ni mbaya, na simu inakatwa.

Mwenye duka, ambaye sote humwita Mama, aliliona hilo. Halafu akatuita, mimi na mwenzangu wa mauzo, ndugu mmoja aliyetoka upande wa Bungoma na ambaye ndiye huwapelekea wateja vifaranga kwa pikapu. Akasema amesikia kuna programu za kompyuta zinazowatumia wateja meseji zenyewe. Mtu akinunua leo, programu inajua lini imkumbushe chanjo na lini imuulize kama anataka vifaranga wengine. Akataka tuzijaribu, kisha tumpe jina la moja. Akasema mimi niongoze, kwa sababu wateja nawajua.

Niliitikia kwa kichwa, lakini moyoni niliona najichimbia kaburi. Mashine ikishajua kukumbusha watu, mimi na mkwaruzo wangu tungebaki kufanya nini? Jioni nilimwambia mume wangu aanze kuulizia kibanda sokoni. Akanijibu kwamba kwanza niitafute hiyo programu vizuri, ya kesho tutayaona kesho.

Programu ya kwanza ilikuwa maridadi. Muuzaji wake alitueleza kwa video kutoka Nairobi, akituonyesha michoro ya rangi iliyopanda na kushuka. Mwenzangu akamuuliza kama inatuma meseji za kawaida za simu. Ilipendelea barua pepe, na mteja wetu gani hufungua barua pepe akiwa kwenye banda la kuku? Tukashukuru, tukaaga.

Ya pili ilituma meseji za simu, tena kwa jina la duka. Ukishaipanga, haikuhitaji mtu wa kuikalia. Mama aliipenda papo hapo. Tuliijaribu kwa wateja wachache, na meseji zikafika zote, kwa wakati.

Asubuhi moja akaingia mzee mmoja wa Turbo, mmoja wa hao wachache. Alikuwa amekumbushwa chanjo, akajibu kwamba vifaranga wake wamejikunyata na hawali, aambiwe kama awachanje hivyo hivyo. Jibu lake halikwenda. Programu ile ilituma tu, haikupokea.

"Nimejibu mara nyingi, inakataa," aliniambia. "Nikafikiri madam amenikasirikia."

Nilimweleza kwa mnong'ono wangu kwamba asiwachanje wakiwa wagonjwa, na mwenzangu akamchukua kwa pikapu hadi kwa daktari wa mifugo. Wiki hiyo tukajaribu na programu ya tatu, ambayo mteja akijibu meseji, jibu lake huingia kwenye kompyuta ya duka.

Tulipokaa na Mama kuamua, bado alikuwa upande wa ile ya pili. Alisema la mzee wa Turbo linaweza kurekebishwa kwa kuongeza namba ya simu chini ya meseji. Mimi nilinyamaza. Niliona nikiitetea ile ya tatu, itaonekana natetea mshahara wangu. Mwenzangu ndiye aliyeongea.

"Mama, hii kitu inaongea tu, haisikii," alisema. "Na wakipiga hiyo namba, nani atashika? Mimi niko barabarani. Kuna ile ya tatu, majibu yote yanaingia mahali pamoja. Dada hawezi kuongea na simu, lakini anaweza kuandika. Mweke hapo."

Mama akanigeukia. "Kwani ulifikiri nataka kukutoa?"

Nadhani uso wangu ulimjibu.

"Nilitaka upumzishe koo," alisema. "Nikaona nikitafuta kitu cha kukusaidia, hutajilazimisha kuongea. Ningekwambia mapema. Pole."

Nililia pale pale, na Mama akajifanya anatafuta kalamu.

Tukachukua ile ya tatu. Haipendezi macho, na siku za mvua hufunguka polepole. Meseji zake niliziandika mwenyewe, kwa maneno yale yale niliyokuwa nikiyasema kwenye simu, na mwenzangu akazisoma kwa sauti ili tujue kama zinasikika kama mtu. Siku moja programu ilimuuliza mteja hali ya kuku ambao alikuwa ameshawauza wote, akaniandikia kwamba wanaendelea vizuri kwenye sufuria za watu. Lakini majibu yanaingia, nami nayajibu mchana kutwa. "Asante madam, wote wamekunywa dawa." "Madam, mmoja anachechemea." Yule mama wa kuuliza mvua hajui kusoma, kwa hiyo Mama mwenyewe humpigia, na naona siku hizi mazungumzo yao yanazidi hata yetu ya zamani.

Mwaka huu mwenzangu alipata kazi Kitale, akaondoka. Tulimuaga pale dukani kwa chai na mandazi. Sauti yangu imerudi kidogo, si yote, na sikuwa nimepanga kuzungumza mbele ya watu. Lakini nilisimama. Nikawaambia kwamba mtu huyu alinisemea siku ambayo mimi mwenyewe sikuthubutu, na kwamba watoto wangu wanasoma kwa sababu ya siku hiyo. Walisogeza viti karibu ili wasikie. Yeye aliinamisha kichwa, akazungusha kikombe chake mezani, kisha akasema kwamba yeye alichagua programu tu.