Miti Kumi na Miwili ya Ana

Ubishi nimeurithi kwa baba, ingawa yeye husema nimeutoa kwa mama. Miaka minne iliyopita ubishi huo ndio ulionifanya nimshawishi aache kulima viazi kwenye kipande cha shamba kilicho nyuma ya nyumba yake, Oldonyo Sambu, apande matufaha. Kaka zangu wawili walicheka. Mkubwa alisema maepo, ndivyo tunavyoyaita kwetu, ni matunda ya kupelekewa wagonjwa hospitalini, yanatoka Afrika Kusini yakiwa yamebandikwa karatasi ubavuni, na kwamba hajawahi kusikia ng'ombe wala mtu wa kwetu aliyeshiba epo. Baba alirudi kwa ng'ombe wake. Jioni, akiwa anafunga zizi, akasema, "Mwalimu amesoma. Tujaribu la kwake."

Mwalimu ni mimi. Nafundisha shule ya msingi mjini na naishi huko huko, Kimandolu. Kwetu binti aliyeolewa hasikilizwi sana kwenye mambo ya ardhi, tena mbele ya kaka zake. Siku ile baba alinipa kitu kikubwa, nami nilijua amenipa.

Nilichagua aina inayoitwa Ana baada ya kusoma habari zake mpaka mume wangu akachoka kunisikiliza. Matufaha mengi yanataka baridi kali ya miezi kadhaa ndipo yachanue, baridi ambayo hata mlima wa Meru hautupi. Ana lilizalishwa Israeli, kwenye joto, kwa hiyo linaridhika na baridi kidogo tu. Tunda lake ni jekundu upande uliopigwa na jua, na upande wa kivuli lina rangi kati ya kijani na njano. Lina maji mengi, na utamu wake una uchachu kwa mbali. Kasoro yake ni kwamba halikai sana likishachumwa, linalainika, lakini nyumba yenye watoto haiwezi kuifahamu kasoro hiyo.

Muuza miche alikuwa mzee mpole mwenye kitalu kando ya barabara. Nilimwomba miche kumi na miwili ya Ana. Akanitengea kumi, kisha akaongeza miwili ya aina nyingine, Dorseti, inayozaa matunda ya njano. Ilikuwa imekonda, majani machache. Nikajua moja kwa moja kwamba ananitwisha masalia yake.

"Mzee, sikuja kununua makapi," nilimwambia.

"Mwalimu, hii ina kazi yake."

Sikumpa nafasi ya kuieleza kazi hiyo. Niliondoka na miche kumi na miwili ya Ana, nikijisifu njia nzima kwamba sijapigwa.

Miti ilikua vizuri. Kwa kuwa huku hakuna kipupwe cha kuangusha majani, mwaka wa pili tuliyapukutisha kwa mkono, jani moja moja, ili mti upumzike kisha uamke. Majirani walisimama kwenye ua wakitutazama kama watu waliopatwa na jambo. Wiki chache baadaye maua yakatoka, meupe yenye waridi kidogo, na baba akawa anawaita wapita njia waje kuona. Kisha maua yakapukutika. Nyuma yake vilibaki vitu vidogo kama punje za choroko, vikageuka njano, na ukivigusa vinadondoka. Hatukupata hata tunda moja. Mwaka wa tatu ikawa vilevile, pamoja na samadi yote tuliyomwaga.

Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Kaka mdogo aliacha tu kuniuliza chochote kuhusu shamba. Baba akanikalisha chini, akasema kwa upole, "Mama, msimu ujao tukikosa, nitarudisha viazi." Ananiita mama anapoogopa kunivunja moyo. Miti ningeweza kuisahau. Nilichoogopa ni kwamba baba hatanisikiliza tena mbele ya wanawe, na kwamba atakuwa na haki.

Msimu huu maua yalipoanza kufunguka, nilikwenda kwa yule mzee wa kitalu kugombana. Niligombana kweli. Alinisubiri nimalize, akafuta mikono, akauliza, "Ile miwili ya njano ulimwachia nani?"

Ndipo akanieleza kazi yake, na safari hii nilisikiliza. Ana haikubali chavua yake yenyewe. Wala haisaidiwi na Ana nyingine, kwa sababu zote zimebebeshwa, yaani kupandikizwa kwenye mashina mengine, kwa vijitawi vilivyotoka kwenye ukoo wa mti mmoja. "Hiyo kumi na miwili yako ni mti mmoja uliosimama mahali kumi na pawili," alisema. Inahitaji aina nyingine inayochanua nayo wakati mmoja, na Dorseti, ambayo asili yake ni visiwa vya Bahama huko mbali, ndiyo inayokwenda nayo.

Nilijisikia mdogo. Mche mpya ungenichukua miaka miwili kuchanua, na mimi nilikuwa na wiki moja hivi. Mzee angeweza kunicheka, na nilistahili. Badala yake alinielekeza kwa mteja wake wa Moshono mwenye mti wa njano uani. Kata matawi yenye maua, aliniambia, yatie kwenye ndoo ya maji, yatundike katikati ya miti yako, nyuki watajua la kufanya.

Mteja huyo alikuwa mama mtu mzima, asili yake Tanga, anauza vitenge. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha mpaka chini ya mti wenyewe. Ulikuwa umejaa maua. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akautazama mti wake kwa muda.

"Mwanangu, unajua kila ua ninalokata ni tunda langu?"

"Najua, mama."

Akanisimulia matumizi yake, nadhani ili nielewe ninachoomba. Yanayodondoka mabichi anayatengenezea achari ya pilipili na ndimu. Yaliyoiva anayasaga juisi na tangawizi wakati wa futari. Maganda anayachemsha kwenye chai, na wajukuu hawaachi kitu zaidi ya kikonyo. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kuaga alipoingia ndani na kutoka na kisu. Alikata matawi manne upande wa ukutani. "Huku ndege ndio wanaokula," alisema. "Ukijaliwa, niletee mabichi ya achari."

Mwalimu mwenzangu alinipeleka Oldonyo Sambu kwa gari lake, ndoo ikiwa katikati ya miguu yangu. Njiani alinitania kwamba nampelekea baba bibi harusi. Sikucheka. Nilikuwa nahesabu petali zilizokuwa zikidondoka sakafuni kila tulipopita tuta.

Baba alikuwa getini. Nilimwamkia, kisha nikamweleza yote, pamoja na lile neno la makapi, maana nilikuwa nimechoka kulibeba peke yangu. Alinitazama, akaitazama ndoo.

"Kwa hiyo mwalimu alininunulia mitamba kumi na wawili bila dume."

Nilijaribu kumwambia kwamba kwa matufaha hakuna dume wala jike, kila ua lina vyote viwili. Hakutaka kusikia. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Ungeniambia hivi siku ya kwanza. Mimi dume huwa naazima kutoka boma la mbali, ili ndama wasizaliane na ndugu zao. Hili si jambo la kusomea."

Tulitundika matawi kwenye ndoo nne. Jua lilipopanda nyuki walikuja, kwanza wachache, kisha mlio wao ukasikika mpaka jikoni. Baba alileta kigoda akakaa pale na fimbo, kuwazuia mbuzi, na hakuondoka hadi mchana ukaisha.

Halafu tukasubiri, na mimi si mtu wa kusubiri. Jumamosi iliyofuata sikwenda, niliogopa kuona ile njano. Siku kumi na kitu baadaye simu ikalia wakati wa mapumziko shuleni. Alikuwa baba.

"Nimegusa," alisema.

"Umegusa nini, baba?"

"Vile vidogo. Nimegusa vya mti wa kwanza, nikaenda wa pili. Havidondoki." Kisha akaongeza, "Sidai," neno letu la kilugha la kusema ni vizuri.

Nililia pale pale kwenye korido, na mwanafunzi aliyepita nikamwambia ni vumbi. Kifua kilikuwa chepesi hadi nikaona ajabu kwamba miaka miwili nilikuwa napumua kwa shida na sikujua.

Mabichi ya achari yalikwenda Moshono kama alivyoniagiza yule mama. Yaliyobaki yalipoiva yalijaza kapu moja na nusu, makubwa, mashavu mekundu. Nyumba nzima ilinukia. Baba alikataa mtu yeyote aonje kabla malimbuko hayajafika kanisani, nami nikameza mate kuanzia Jumatano hadi Jumapili. Siku hiyo hiyo, njiani kwenda kanisani, tulisimama tukachukua miche miwili ya njano kwa yule mzee wa kitalu, ambaye kwa hisani yake hakunikumbusha makapi.

Baada ya ibada tulitoka nje kwa ajili ya mnada wa sadaka, kama kawaida. Yalinadiwa mayai, jogoo, maziwa, mkungu wa ndizi. Kisha mzee wa kanisa akainua kapu letu, akaligeuza watu waone.

"Maepo haya ni ya boma la nani?"

Nilingoja litajwe jina la baba, maana ndivyo inavyokuwa. Baba akasimama polepole, akiegemea fimbo.

"Ni ya binti yangu, mwalimu," alisema. "Yametoka kwenye shamba lake."

Hakusema, "Shamba langu." Wanaume wa rika lake waligeuka kumtazama, naye akawatazama mpaka wakageuka tena mbele. Kaka zangu walikuwa wamesimama nyuma yetu, na mimi sikuthubutu kuangalia nyuma.  Kisha kaka yangu mkubwa akakohoa, akataja bei ya kwanza, kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie.