Kuku Niliyempelekea Dada

Jumamosi, mwezi wa Machi, 1938. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, kisha jua kali, njia ikitoa mvuke.

Leo nimekwenda Kaole kwa dada yangu, aliyenilea. Miaka sita hatujasemezana, na kosa ni langu. Mama alipofariki nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu kubatizwa. Siku ya hitima dada aliniwekea sahani ya wali kwa mkono wake. Nikaisukuma mbele za watu, nikasema Mkristo hali chakula cha hitima. Hakuna padre aliyenituma kusema vile. Labda nilitaka tu nionekane.

Jumapili iliyopita padre alitufundisha kwamba Mungu ametupatanisha naye bila sisi kustahili, basi anayeikaribia meza yake aanze kwa ndugu yake. Maneno yalinikaa moyoni. Asubuhi nikachinja jogoo, mke wangu akampika kwa nazi, nikafunga sufuria kwa kitambaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko kwa mapadre hawakulishi?"

Nikacheka, kisha nikapiga magoti. "Niwie radhi kwa ile sahani."

Akalia, nami nikalia. Akatandika mkeka, akanawa, akafunua sufuria. Mkono ukasimama.

"Kachinja nani?"

"Mimi."

Hata mtoto wa hapa pwani anajua: kuku wa kumpelekea Mwislamu hupelekwa hai, wakachinje wenyewe. Hata mimi nilijua. Miaka sita ya kukaa na Wakristo wenzangu tu imenisahaulisha.

"Ungemleta hai, mdogo wangu. Shemeji yako yupo, angechinja." Akanitazama usoni. "Au umefanya makusudi tena?"

Niliapa sikukusudia. Simlaumu kuuliza, ningekuwa yeye ningeuliza vilevile. Na haki yake niiandike: yeye hakuisukuma sufuria. Aliifunika, akaifunga upya, akanirudishia kwa mikono miwili. Lakini hakusema kama radhi ametoa. Nilimwambia nitaleta mwingine, mzima.

"Mungu akipenda," akasema, akiangalia mlango.

Kesho misani sitakomunika, meza ya Mungu sitaikaribia. Sijui kama hii ni toba au aibu tu.

Jioni tulikula kuku yule kwa ugali wa muhogo. Watoto walifurahi, wakalamba vidole. Firigisi, niliyokuwa nimemtengea dada, ilibaki sufuriani, hakuna aliyeigusa.