Mkwe Asiyejua Methali

Mimi ni Mhaya kwa ukoo, kwa pua na kwa majivuno. Kwa lugha, bado. Nilizaliwa Morogoro, ambako baba yangu, mtumishi wa serikali, aliamini kwamba Kihaya tutakirithi tu, kama upara. Upara nimeurithi.

Tulipohamia Bukoba, mke wangu alinivumilia hivyo hivyo. Aliniita Mhaya wa karatasi, akanitafsiria misibani, na maisha yakaendelea. Kisha mama yake akaanza kupoteza macho, nami nikaanza masomo.

Mama mkwe anaishi kijijini, si mbali na Muleba mjini. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunga jicho moja na la pili lilikuwa linafuata. Alichuma kahawa mbichi pamoja na zilizoiva, akajikata kidole akimenya ndizi, na asubuhi moja akamsalimia ndama wa jirani kwa heshima zote. Daktari alisema upasuaji wenyewe ni mdogo na usicheleweshwe. Mama mkwe alisema haendi.

Watoto wake walikwenda kumbembeleza mmoja mmoja, wakarudi mmoja mmoja. Silaha yake ilikuwa methali. Mtu aliyelelewa huku, mkubwa akimtolea methali iliyokaa mahali pake, ama hujibu kwa nyingine iliyo nzuri zaidi, ama hunyamaza. Na hakuna aliyewahi kuwa na nzuri zaidi ya zake.

“Kaniambia mgomba uliozaa haulilii mbolea,” mke wangu alisema aliporudi. “Ningejibu nini?” Akageukia vyombo na kuviosha kwa nguvu, ili nisimwone anafuta machozi.

“Nitakwenda mimi,” nikasema.

Alicheka huku akilia. “Wewe? Kiswahili chake ni cha kuuzia ndizi na kusalia rozari. Hawezi kubishana nawe kuhusu macho.”

“Nitajifunza Kihaya.”

Basi akanirekodia sentensi kwenye simu. Nilizisikiliza nikinyoa ndevu, nikipiga pasi, nikisubiri maji yajae ndoo. Nilizijaribu kwa mama muuza ndizi pale Miembeni, naye akaniuliza kwa huruma kama nimeng'oa jino. Mhariri wa gazeti ninaloliandikia alinirudishia makala akitaka kujua neno “bojo”, tafadhali ile tunayowaambia tuwapendao, linatafuta nini katika uchambuzi wa bajeti. Wasiwasi nao ulikuwa na ratiba yake: ulinifikia kila nilipofika kwenye vitenzi. Nikikariri “kuona”, namwona mama mkwe na kisu chake cha ndizi. Ilibidi nikariri vitenzi vingine kwanza, kama kulima na kuazima.

Siku ya kwenda nilichukua sukari, nikaketi kwenye benchi karibu na mlango, umbali unaompasa mkwe. Mama mkwe akaniletea kahawa za kutafuna. Nikavuta pumzi, nikatoa salamu yangu yote bila kukwama.

Akacheka mpaka kitenge kikamteleza begani. Nilikuwa nimefundishwa na binti yake, kwa hiyo nilikuwa nimemwamkia kama binti anayempigia mama yake magoti. Zilikosekana hereni tu.

“Mawe!” akashangaa kwa Kihaya, akipangusa macho yale yale. “Kumbe Mungu alinipa binti mwingine, mwenye ndevu!”

Tuliongea Kihaya, hapa nakiandika kwa Kiswahili kwa sababu za kiusalama. Nilimwambia habari ya jicho. Akajinyoosha, akanipiga na ile methali.

“Mgomba upi, mama?” nikauliza. Sikuwa na ujanja wowote. Nilidhani tumehamia shambani.

“Mgomba ni mimi.”

“Na mbolea?”

“Mbolea ni daktari.”

“Ananuka?”

Akaguna. Akatoa nyingine, ya ng'ombe mzee asiyehitaji kuonyeshwa mto. Nikaomba aieleze nayo. Alieleza, lakini katikati akasita, kwa kuwa ng'ombe wa methali anaufahamu mto na yeye juzi alikuwa amemwamkia ndama. Methali ikishaelezwa hugeuka senene waliolala bila chumvi. Alijaribu ya tatu, akaniona nimekunja uso kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, akaiacha njiani.

“Basi sikiliza,” akasema polepole, kwa maneno madogo, kama anavyosemeshwa mtoto. “Naogopa kisu.”

Hilo nililielewa.

“Nimezaa bila kupiga kelele. Nimezika bila kuanguka. Kijiji kizima kinajua. Nikilia hospitali, binti zangu watasimulia mpaka Biharamulo. Watasema kwa upendo, lakini watasema.”

Nikatafuna kahawa. Naye akaniangalia kwa lile jicho lililobaki, kama anayekagua mkungu sokoni.

“Wewe ndiye utakayenipeleka,” akasema. “Wao wabaki nyumbani wapike.”

“Mimi, mama? Mkwe?”

“Kihaya chako hakitoshi kusambaza habari.”

Nilipompigia mke wangu simu kumweleza sharti hilo, akasema, “Waitu, tafadhali, kusoma kwako kuishie hapo hapo.”

Asubuhi ya upasuaji tulikuwa tunapita kwenye korido ya hospitali. Mkwe hamshiki mama mkwe mkono, kwa hiyo yeye alishika ncha ya mwavuli na mimi nikashika mpini, tukaenda hivyo, wauguzi wakitupisha. Njia nzima alikuwa akisema, haraka na kwa sauti ya chini, maneno yakikatika. Niliambulia machache: mama yake mwenyewe, kitu kuhusu giza, jina la Bikira Maria. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji akasimama, akanigeukia.

“Umeelewa nilichosema?”

“Hapana, mama.”

“Vizuri,” akasema, akaachia mwavuli, akaingia.